Dada kaolewa Marekani, grini kadi bado haijatoka, anaweza kuja Tukuyu akarudi?

Mwana_Uyole: Wakuu habari za baridi. Dada yangu alienda Marekani kwa viza ya utalii, akaolewa na raia wa kule, wakapeleka fomu I-130 (ya mume kumwombea mkewe) na I-485 (ya kuomba grini kadi akiwa hukohuko) kwa pamoja, risiti wanazo. Sasa ile tarehe ya mwisho wa kukaa kwenye I-94 yake (rekodi ya kuingia nchini) imepita, shemeji anasema hamna shida ila huku mjomba keshatangaza ukoo mzima kwamba dada ni mhamiaji haramu. Na bibi Tukuyu hali si nzuri, wazee wanapiga simu kila jioni binti aje. Yuko kihalali kweli? Akitoka anarudi?

Mdau wa Mwanjelwa: Mwambie mjomba apoe. Kama I-485 ilipokelewa kabla I-94 haijaisha, muda wote anaosubiri majibu anahesabika yuko kwa ruhusa. Sio viza mpya na sio grini kadi, ni ruhusa ya kusubiri tu, wakimkataa inaishia hapo. Ingekuwa I-130 peke yake ndo ningeogopa, maana ile ni ya kuonyesha ndoa ni ya kweli, haimpi mtu haki ya kukaa, na watu wengi sana wanachanganya hapo. Afu ashukuru kaolewa na raia, mke wa raia aliyeingia kwa kukaguliwa na afisa wa uhamiaji anasamehewa kuzidisha siku, mke wa mwenye grini kadi hana huo msamaha.

Fijo255: Kukaa sawa, kutoka ndo kasheshe. Akipanda ndege bila kibali cha kusafiri mkononi (fomu I-131) wanahesabu ameitelekeza I-485, inakufa, na huko nje hana viza ya kurudia. Risiti ya I-131 haitoshi, kibali chenyewe kiwe kimetoka! Na hata akiwa nacho, pale uwanja wa ndege afisa ndo mwenye neno la mwisho. Kwa dharura ya bibi apige simu USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) aombe miadi ofisi ya karibu nae. Daktari aandike barua ya maana, jina la mgonjwa, anaumwa nini, hali ikoje, sio kile kikaratasi cha dirishani chenye mhuri uliofifia, ikiwa ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza. Weka na vyeti vya kuzaliwa, cha dada na cha mama yenu, undugu na bibi uonekane.

Mwana_Uyole: Ndaga fijo wakuu. Kuna saluni inamtaka asuke, vipi hapo?

Fijo255: Mpaka kadi ya kazi itoke, ile ya I-765. Hata kusuka sebuleni kwa hela ni kazi, asijitafutie maswali kwenye intavyuu.

Mdau wa Mwanjelwa: Na wakihama nyumba atoe taarifa ndani ya siku 10, barua ya intavyuu ikienda anwani ya zamani mtalia.

Mwana_Uyole: Poa, barua ya daktari naifuata Jumatatu. Wazee watanuna ila nitawaambia asubiri kibali. Mjomba sasa simpigii mimi, atampigia mama.