Wauza vepu wa Mombasa, acheni kumtwika anayeanza mtambo usiomfaa

Nauliza kwa hasira na sioni haja ya kuificha. Mvutaji anaingia dukani, iwe Mwembe Tayari au Nyali, ana elfu tatu mfukoni na neno moja tu: "nataka kuacha sigara". Kwa nini anatoka na vepu, yaani sigara ya umeme, ya chuma kizito cha wati 80, koili (waya unaochemsha juisi) ya omu 0.2 na chupa ya juisi ya chumvi ya nikotini (nikotini isiyokwaruza koo hata ikiwa kali) ya 50 mg kwa mililita? Hicho si kifaa cha kuanzia. Huo ni mzigo uliokwama kwenye rafu, mkamtafutia asiyejua.

Tofauti mnaijua. Koili ya omu 0.2 ikipewa wati 60 huchemsha juisi mara kadhaa zaidi ya podi ndogo (vepu nyepesi ya mfukoni) ya omu 1.0 inayokula wati 12. Juisi ya 50 mg ilitengenezewa podi hizo ndogo. Ukiipitisha kwenye mtambo mkubwa, pafu chache tu kichwa kinazunguka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu juu. Mtu anasema vepu imemshinda na kurudi kwenye sigara. Kuna na kosa la upande wa pili: 3 mg ndani ya podi ndogo. Huyo atanyonya kutwa nzima na hamu isimtoke, na jioni atawasha sigara vilevile. Yote mawili yangezuiliwa na swali moja ambalo hamuulizi: unavuta sigara ngapi kwa siku?

Mwenye pesa kidogo anatakiwa kuuziwa podi ya kujaza, betri ya ndani ya 800 hadi 1,000 mAh (kipimo cha akiba ya umeme), nafasi ya juisi 2 ml, koili ya omu 0.8 hadi 1.2, mvuto wa kubana kama wa sigara, na tundu la chaji la USB-C. Hana haja ya kioo wala taa za rangi. Juisi iwe PG (kimiminika chepesi) na VG (kimiminika kizito) nusu kwa nusu, chumvi ya nikotini 20 mg kwa mtu wa pakiti nzima, 10 mg kwa mtu wa sigara chache. Na msomeeni chupa, kwa sababu nyingine zimeandikwa asilimia tu na mgeni hudhani 5 ni ndogo kuliko 20. Asilimia 5 ni 50 mg kwa mililita. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20 mg. Asiyevuta sigara asiuziwe chochote, na mtoto wa chini ya miaka 18 asikanyage mlangoni.

Linaloniudhi kuliko yote ni koili. Kifaa hununuliwa mara moja, koili ni kila wiki moja au mbili. Juisi yenye kitamu kingi huiua mapema zaidi, maana kitamu hakigeuki mvuke, hubaki kwenye waya na kuwa kaa jeusi. Halafu mnauza kwa bei ya chee kifaa kilichoacha kutengenezwa, ambacho podi zake za kubadilisha (vikopo vya juisi) hazipo dukani kwenu wala kwa jirani. Huyo mmemuuzia mbuzi kwenye gunia. Wanunuzi, kama podi ya akiba haiko kwenye rafu siku hiyohiyo, rudisheni pesa mfukoni.

FundiBetri:
Ongeza betri, ndugu. Hao wenye mitambo mikubwa hutupia na betri ya mviringo ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh. Ni uongo mtupu. Betri ya umbo hilo, milimita 18 kwa 65, ikiwa nzuri sana hucheza kwenye 3,500 hivi. Nyingine zimetolewa kwenye laptopu kuukuu na kuvishwa ganda jipya. Piga hesabu: volti 4.2 gawa kwa omu 0.2 ni ampea 21. Betri ya laptopu haikuundwa kutoa umeme mwingi hivyo kwa mpigo. Itachemka, na ikichemka sana hupasuka. Ganda likichanika hata kidogo, acha kuitumia, na usiibebe mfukoni na funguo au sarafu.

Hata podi ndogo usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani Kongowea saa saba mchana. Juisi inakuwa nyepesi na kuvuja, na betri inaharibika. Chaji yake ni ampea 1, chaja kubwa ya simu ya kasi iache.

DukaLaPwani:
Wauzaji tusikandamizwe peke yetu. Ushuru wa nikotini ya maji ulipandishwa Desemba 2024, kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa mililita. Chupa ya 30 ml ni elfu tatu za ushuru kabla sijaweka faida. Na mteja anataka chupa hiyo kwa elfu moja.

Mwenye uzi:
Yakhe, umejianika. Chupa ya 30 ml inayouzwa elfu moja imepita wapi, na nani anajua kilichomo? Ushuru huohuo ndio sababu ya kumpa mgeni podi ndogo. Podi hula kama 2 ml kwa siku. Mtambo mkubwa unaweza kumaliza 10 ml. Ni shilingi 200 za ushuru dhidi ya 1,000, kila siku ya Mungu. Mmewahi kumfanyia mteja hesabu hiyo?

Tudor4:
Podi mpya ikitoa ladha ya kuungua siku ya kwanza, ni feki?

Mwenye uzi:
Mara nyingi si feki, ni mtu hakuelekezwa. Jaza taratibu ukikwepa tundu la katikati, kisha iache dakika 10 pamba ya ndani ya koili inywe juisi. Vuta mara tatu au nne bila umeme. Anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili, upande polepole. Pamba ikishaungua haiponi, ni koili nyingine. Kama ulifanya yote hayo na bado inaungua, tazama chupa: juisi yenye VG asilimia 70 ni nzito, haipiti kwenye vitundu vya koili ya omu 1.2. Ikikataa kuwaka, chomoa podi, futa unyevu chini yake na kwenye vyuma vya mguso kwa kitambaa kikavu. Kwa boksi, kwangua namba ya siri uihakiki kwenye tovuti ya kiwanda ukiwa bado kaunta, kabla ya kutuma M-Pesa.

DukaLaPwani, jibu: bei ya koili za hivyo vifaa vyenu mtaibandika lini?