Silinda ya mashine ya kufungia unga inavuja upepo, sili (mipira ya kuzuia upepo) nazipata wapi?

fundi_moro
Wakuu habari za kazi. Niko Morogoro, kiwanda kidogo cha kusaga na kufungasha unga, mashine ni ya Kichina zile za taya mbili zinabana mdomo wa mfuko na kuuunguza. Wiki ya pili sasa taya hazibani vizuri, mfuko wa kilo moja ukidondoka tu unaachia, na pale kwenye valvu upepo unatoka shiiii muda wote hata mashine ikiwa imesimama. Geji inasoma bar 6, taya zikibana inashuka mpaka 4. Nimebadilisha valvu (4V210-08, ya 24V) nikaweka mpya kabisa, wapi, shiii iko palepale. Aliyetuuzia mashine anasema tununue silinda nzima tusubiri meli, miezi miwili. Bosi ananiangalia kama mimi ndo nimeiharibu. Kibati kimefutika nusu, nasoma SC 63x75. Sili peke yake zinapatikana hapa nchini?

mzee_wa_kompresa
Pole mdogo wangu, hiyo valvu umeinunua bure. Upepo kutokea kwenye tundu la kutolea la valvu haimaanishi valvu ni mbovu, mara nyingi sili ya pistoni ndo imekufa, upepo unavuka chumba kimoja kwenda cha pili ndani ya silinda, unarudi na paipu ya upande wa pili na kutokea pale kwenye valvu. Fanya hivi, funga upepo, toa presha yote, chomoa paipu ya upande wa rodi (kile chuma kinachotoka na kuingia), halafu rudisha upepo na ubonyeze kile kitufe cha mkono cha kwenye valvu ili rodi isukumwe nje mpaka mwisho. Weka kidole kwenye tundu la silinda ulipochomoa paipu, ukisikia upepo ujue sili ya pistoni imekwisha. Tundu likiwa kimya na valvu bado inalia, hapo rudi kwenye valvu. Mkono usipeleke karibu na taya, silinda ya 63, yaani kipenyo cha ndani milimita 63, kwa bar 6 inasukuma karibu kilo 190.

mama_spea
Kaka sili zipo, njoo Dar zunguka Gerezani au tuma mtu, ila ukiulizia "sili za mashine ya unga" kila duka watakwambia hamna. Sema seti ya sili za silinda ya 63, rodi milimita 20, na ikiwezekana fungua kwanza uje na zile kuukuu mkononi hata kama zimekatika. Hiyo 75 ni urefu wa mwendo tu, kwenye sili haihusiki. Na kama mtaamua silinda nzima angalieni sana, SC na SI si kitu kimoja, SI ndo inafuata ISO 15552, kile kiwango cha kimataifa cha vipimo vya silinda. Kwenye ISO ya 63, tundu la bolti hadi tundu lenzake katikati kwa katikati ni milimita 56.5, pima yako na rula ya fundi kabla hujalipa hela ya watu. Nimeshauzia watu silinda ikarudi siku ya pili kisa bolti haziingii.

boss_wa_plant
Huku Nairobi tulisumbuliwa na hiyo kitu mwaka mzima, tunabadilisha sili kila mwezi, kumbe shida ni maji yanayokuja na upepo kutoka kwenye kompresa. Hebu fungua valvu ya chini ya tangi la kompresa uone ni nini inatoka. Na usiweke oili ya injini kwenye kile kikombe cha kulainishia, tumia oili nyepesi ya daraja la ISO VG 32.

fundi_moro
Wakuu nimerudi. Mzee uko sahihi mia kwa mia, tundu la rodi lilikuwa linapuliza mpaka unga wa mezani unaruka. Nimefungua silinda, mule ndani kuna uji jamani, maji ya kahawia na unga vimegandana, ile sili ya mdomo wa rodi imeliwa upande mmoja na unga unaingilia hapo kila rodi ikirudi. Tangi la kompresa nalo limetoa karibu nusu ndoo ya maji, sijui lini lilifunguliwa mara ya mwisho. Seti imekuja na basi la asubuhi, naifunga leo. Swali, hizi sili mbili za pistoni zina midomo, inaangalia wapi? Na kikombe cha filta kimechafuka, nikisafishe na petroli?

mzee_wa_kompresa
Petroli HAPANA, thina pia hapana, hiyo plastiki inapasuka ikiwa na presha ikurukie usoni. Maji na sabuni tu. Midomo ya sili inaangalia upepo unakotoka, kwa hiyo zinapeana migongo, moja inaangalia kifuniko cha nyuma na nyingine upande wa rodi. Paka grisi ya silinda kidogo, na kabla ya kufunga pitisha kidole ndani ya bomba lake, ukigusa mkwaruzo niambie kabla hujafunga.

fundi_moro
Nimepitisha, iko laini. Nafunga sasa hivi.