Mrejesho: ile hesabu ya 2x² − 5x − 3 = 0
Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini binti yangu wa kidato cha pili, akitumia kanuni ya jumla (kwa ax² + bx + c = 0, x = (−b ± √(b² − 4ac))/(2a)), anapata 1.5 na 1 kwenye mlinganyo huo, na akiyarudisha majibu hayakubali.

Mlisema tuangalie alama. Kweli kabisa! Jana usiku tulikaa mezani, nikamwambia aandike kwanza pembeni: a = 2, b = −5, c = −3. Hasi ya c ndiyo alikuwa anaiacha. Anaandika 25 − 24 = 1, kumbe −4 × 2 × −3 ni +24, kwa hiyo ni 25 + 24 = 49, na kipeuo chake cha pili ni 7. Basi x = (5 ± 7)/4, yaani 3 au −0.5. Akajaribu 3: 18 − 15 − 3, sifuri. Alipiga meza kwa furaha, na mimi nilifurahi kuliko yeye.

Kuna aliyeuliza kama mstari wa kugawanya unafika chini ya −b. Swali zuri mno. Kwenye daftari lake la zamani mstari umeishia chini ya kipeuo tu, −b imebaki nje. Sasa anauchora kwa rula, mrefu, kabla ya kuandika namba yoyote.

Leo nimempa 3x² + 4x = 7. Sijasema kitu, akaihamisha 7 mwenyewe, akapata 1 na −7/3. Asanteni sana, hasa mliosisitiza mabano.