Sikukuu za Wakazaki: anayekwenda kujitolea aingie vipi bila kukosea?

Mtoto wa Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Nimekubaliwa kwenda kujitolea Aktau, mji wa Kazakistani ulio kando ya Bahari ya Kaspi, ambako nitawasaidia watoto wa shule kujifunza Kiingereza kuanzia Februari hadi Desemba. Huku kwetu mgeni anayefika siku watoto wanapotolewa jandoni hukaribishwa kula na kucheza ngoma, lakini yapo mambo ambayo haoneshwi, na asiyeujua mpaka huo huwaudhi wenyeji bila kukusudia. Naomba mnieleze mpaka huo uko wapi katika sikukuu za Wakazaki, kwa sababu sitaki kukaa mwaka mzima nikiwa mtazamaji. Jambo la pili ni chakula: mimi ni Mwislamu, na nimesikia kwamba wanakula nyama ya farasi.

Msafiri wa Masasi

Marahaba, mdogo wangu. Nilijitolea nchi hiyo, na nafurahi kusikia unapelekwa Aktau, kwa sababu katika mkoa wa Mangystau na mikoa mingine ya magharibi shangwe za Nauryz, yaani mwaka mpya wao, hazingoji tarehe 21 Machi, bali huanza tarehe 14, siku wanayoiita Amal. Siku hiyo watu hutembeleana nyumba kwa nyumba, wakianza na wazee, husalimiana kwa mikono miwili, na waliokosana hutarajiwa kupatana. Mdogo ndiye hutangulia kumnyooshea mkubwa mikono, kwa hiyo usisubiri kusalimiwa.

Kisha inakuja Nauryz yenyewe, ambayo ni mapumziko ya kitaifa tarehe 21 hadi 23. Mjini utaona mahema ya duara ya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, bembea kubwa inayofungwa kwenye miti sita, na wapigaji wa dombra, ala yao ya nyuzi mbili. Hayo ni mazuri, lakini sikukuu hasa iko jikoni. Omba kusaidia kupika nauryz-kozhe, mchuzi wa vitu saba ambavyo kwa kawaida ni maji, nyama, chumvi, mafuta, unga, nafaka na maziwa, kwani aliyeshika mwiko hahesabiwi tena kuwa mgeni. Ukumbuke pia kwamba utawala wa Kisovieti uliipiga marufuku sikukuu hii mwaka 1926 na haikurudi hadharani hadi mwaka 1988, kwa hiyo wazee wengi utakaoketi nao walikua bila kuiona uwanjani. Ukiwauliza kwa adabu namna ilivyokuwa nyumbani kwao wakati huo, utapata mambo ambayo jukwaani hayasemwi.

Mezani ngoja uelekezwe pa kukaa, maana sehemu inayoelekea mlango huwa ya heshima. Chai hutiwa kidogo kidogo ili mwenyeji aendelee kukuhudumia, basi usidhani unabaniwa. Mkate usiuweke juu chini. Mzee akifungua viganja kutoa bata, yaani dua ya baraka, fungua vyako, na akimaliza ujipanguse uso kama tunavyofanya sisi.

Maalim wa Lindi

Binti yangu, Wakazaki wengi ni Waislamu wa Sunni wanaofuata madhehebu ya Hanafi, ilhali sisi wa pwani wengi ni Shafi. Nyama ya farasi isikutie hofu, kwa kuwa katika madhehebu yetu inaruhusiwa. Uangalie zaidi kumis, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na shubat ya ngamia, kwa sababu uchachu huo huzalisha kileo kidogo. Ukiona shaka, shukuru kwa mikono miwili na uombe chai. Idi ya kuchinja wanaiita Kurban Ait, na siku yake ya kwanza ni mapumziko. Nauryz yenyewe si ngeni kwetu kabisa, kwani Nairuzi ya Waswahili, ambayo Makunduchi huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa, imetokana na mwaka huohuo wa Kiajemi.

Mwalimu wa Newala

Wenzangu wameeleza siku za furaha, nami naongeza siku za uchungu, kwa sababu huko ndiko mgeni hukosea zaidi. Tarehe 31 Mei huwakumbuka walioteswa na dola na waliokufa kwa njaa ya miaka ya 1930, wafugaji walipolazimishwa kuacha kuhamahama na mifugo yao ikachukuliwa. Waliokufa walizidi milioni moja. Tarehe 16 Desemba ni Siku ya Uhuru wa mwaka 1991, lakini pia ni siku ambayo vijana waliandamana Almaty mwaka 1986 na kukandamizwa, na mwaka 2011 wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wamegoma walipigwa risasi na kuuawa Zhanaozen, katika mkoa huohuo unaokwenda. Mtu wa Mtwara anayekumbuka vurugu za gesi za mwaka 2013 atajua kwamba jambo la namna hiyo haliulizwi mezani. Ngoja wenyeji waanze, usikilize, na usipige picha.

Mtoto wa Mikindani

Nashukuru sana. Nitawaomba waratibu waniachie nafasi tarehe 14 Machi, na nitabeba korosho zilizobanguliwa za kutosha kila nyumba nitakayoingia.

Msafiri wa Masasi

Korosho zitapokelewa vizuri sana. Mkabidhi mama mwenye nyumba, naye ndiye atakayeziweka mezani.