MJADALA: Sensa ya Marekani 2030, tuendelee kusukumwa mtandaoni?

Mtoa mada:
Ndugu zangu mlioko Marekani, tulizungumze hili mapema. Sensa ya 2020 iliwataka watu wengi wajaze wenyewe kwenye intaneti. Barua ilifika Machi ikiwa na namba ya siri, na maeneo mengi fomu ya karatasi haikuletwa mpaka ukae kimya wiki kadhaa. Mimi napinga utaratibu huo kwa watu wetu. Fomu ya mtandaoni ilikuwa ya Kiingereza na lugha nyingine 12, Kiswahili hakimo. Tuliambulia mwongozo: unasoma Kiswahili huku, unabofya Kiingereza kule.

Nilimsaidia mama mmoja wa Kikongo kujaza kwa simu yake. Tulipofika kwenye idadi ya wanaoishi humo tarehe 1 Aprili, akaniuliza: "Na mtoto wa marehemu dada yangu? Analala hapa, ila hayumo kwenye mkataba wa nyumba." Nikamwambia, mama, mtaje. Angekuwa peke yake angemwacha, kwa kumwogopa mwenye nyumba. Uhakiki wa sensa hiyo ulionyesha watu weusi walihesabiwa pungufu kwa asilimia 3.30. Watoto wadogo nao walihesabiwa pungufu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, karatasi siyo dawa. Fomu ile ilikuwa na nafasi kamili ya watu sita; wa saba hadi wa kumi waliandikwa kwa ufupi tu. Familia zetu unazijua! Mtandaoni unawaingiza wote, na hata ukipoteza namba ya siri unajaza kwa anwani yako. Kila anayejaza mwenyewe anamwokolea karani safari, na fedha hiyo ndiyo ya kuwatafutia wasiofikika. Tudai Kiswahili kwenye fomu, tusiukimbie mtandao.

Mchangiaji wa pili:
Tanzania 2022 karani alifika mlangoni na kishikwambi, akiongozwa na kiongozi wa mtaa anayejua nani analala wapi. Takwimu zikaingia kidijitali bila bibi yangu kugusa kioo. Tukahesabiwa watu 61,741,120. Huko kwenu ndivyo ifanyike.

Mtoa mada:
Makarani walikuwepo hata huku, ila korona iliwachelewesha. Sehemu nyingi walianza kubisha hodi Agosti, na kazi ikafungwa 15 Oktoba. Ndiyo maana sitaki wawe tegemeo la mwisho. Hoja ya watu sita ni nzito, naikubali. Basi mtandao uwepo, lakini bahasha ya kwanza ije na karatasi pia, na namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeongea Kiswahili, maana yule mama alihitaji wa kumuuliza. Mkumbuke viti vya bunge vinagawanywa kwa majimbo kufuata sensa, na New York ilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89. Hao ni ghorofa moja tu la wapangaji.

Mlioko Ohio, Texas na Maine: barua yenu ya kwanza ilikuja na fomu, au namba tu?