Mtoto analia kila jioni, mama mkwe anataka tumpe maji na uji. Naombeni ushauri

Mama Nuru (Gungu, Kigoma)
Habari za jioni wapendwa. Nina mtoto wa kwanza, ana wiki 7, na tangu azaliwe ananyonya tu. Mchana hana shida. Ikifika magharibi ndipo tunaanza: ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, namhamishia upande wa pili, analia tena, mpaka saa 3 usiku huko. Nikiminya ziwa naona linatoa kidogo, na limelegea. Wiki zile za mwanzo lilikuwa linavuja mpaka kanga inalowa.

Mama mkwe amekuja kutoka Ujiji kunisaidia. Ni mama mwema mno. Nguo za mtoto anafua yeye, asubuhi ananikorogea uji wa ulezi, mchana ugali wa muhogo na migebuka. Sasa anasema maziwa yangu ni mepesi, hayamtoshi mjukuu wake, na kwa joto hili mtoto ana kiu. Anataka tumpe maji ya vuguvugu yenye glukosi, na usiku uji mwepesi ili alale. Watoto wake wote aliwalea hivyo. Sitaki kumvunjia heshima, lakini kliniki wameniambia nisimpe chochote mpaka atimize miezi 6. Baba mtoto anavua dagaa, kipindi hiki cha giza anaingia ziwani kila usiku, akirudi ni kulala tu, hata nafasi ya kuongea naye hakuna.

Lingine, mimi ni karani wa duka huku Mwanga na likizo inaelekea kuisha. Nikirudi kazini mtoto atakula nini? Walionitangulia naombeni mnishike mkono.

Mama Mapacha (Kasulu)
Hongera dada, na pole. Wangu walilia hivyo hivyo wote wawili kwa zamu, kila mtu akaniambia ni mchango wa tumboni, nikaletewa mizizi ya kila aina. Sikuwapa. Jioni nilikuwa nambeba mmoja mgongoni, mwingine anabebwa na wifi, tunazunguka uani. Walipokaribia miezi 4 kilio kikaisha chenyewe.

Mkunga Mstaafu (Kigoma)
Mwanangu Mama Nuru, nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya watoto mpaka nimestaafu, na neno "maziwa hayatoshi" limeachisha watoto wengi kunyonya hali maziwa yalikuwepo. Naomba unisome polepole.

Ziwa kulegea wiki ya 7 ni kawaida. Mwanzoni mwili haujajua mtoto anahitaji kiasi gani, unatengeneza kwa wingi. Ukishamzoea, unatengeneza kadiri anavyonyonya. Na usipime kwa kuminya, maana mtoto aliyeshika ziwa vizuri anatoa mengi kuliko vidole vyako. Pima kwa mkojo na kadi ya kliniki. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo usiwe wa njano iliyokolea, na uzito ukipanda, huyo anashiba. Niandikie uzito aliozaliwa nao na wa mara ya mwisho.

Kilio cha jioni kwa watoto wengi hukolea karibu na wiki ya 6, kisha hupungua. Kunyonya mfululizo saa hizo si dalili kwamba maziwa hayatoshi, ndivyo anavyoliambia ziwa liongeze. Ila hapo kwenye kumhamisha upande huu na ule, subiri kwanza. Maziwa yanayotangulia ni mepesi, na ziwa linavyozidi kunyonywa mafuta yanaongezeka. Mwache amalize upande mmoja, aachie mwenyewe, mcheulishe, ndipo umpe wa pili. Mdomo auachame sana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini uwe umebinuka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Akishika chuchu peke yake atakuchubua na hatapata kitu.

Sasa maji. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo kukiwa na joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kiu itaisha. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji au uji atanyonya kidogo, akinyonya kidogo ziwa linatengeneza kidogo, na baada ya wiki mbili maziwa yatakuwa yamepungua kweli. Mama mkwe ataona alisema sahihi, kumbe ni yale maji. Halafu sisi ni watu wa ziwani. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka kijijini Kagunga, huku huku ziwani, kwa wakimbizi waliotoka Burundi, tuliona wote maji yanaweza kufanya nini. Kwa mtoto mchanga hata kikombe kisichooshwa vizuri kinatosha kumharisha.

Mvuvi wa Kibirizi
Kwa heshima yako mama, sisi tulipewa maji na uji tangu wachanga na tuko hai, tuna nguvu, tunavuta nyavu. Hawa wa kliniki wanabadilisha maneno kila mwaka.

Mkunga Mstaafu (Kigoma)
Mwanangu, wewe ulivuka na namshukuru Mungu. Wale ambao hawakuvuka hawapo hapa kuandika, na baadhi yao niliwafunika kwa mikono yangu. Siwezi kulinyamazia hilo.

Mama Nuru (Gungu, Kigoma)
Asante sana mama. Alizaliwa kilo 3.1, juzi amepimwa 4.7. Nepi nabadilisha mpaka nachoka, naamini zinapita 6.

Mkunga Mstaafu (Kigoma)
Huyo anashiba, wala usiwe na wasiwasi. Kliniki ijayo nenda na mama mkwe, kadi aishike yeye, nesi amwonyeshe ule mstari unavyopanda. Usibishane naye nyumbani. Mama aliyelea watoto akaona wamekua anastahili kuelezwa na mtu wa makamo yake, siyo kusahihishwa na mkwe. Na jioni mpe mjukuu ambebe wakati wewe unapumzika, hiyo ni kazi anayoiweza kuliko sisi wote.

Mwalimu wa Buhigwe
Kuhusu kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na ukirudi mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwambie mapema, kabla likizo haijaisha. Mimi niligawa, saa moja katikati ya asubuhi, nyingine alasiri, na mtoto aliletwa shuleni.

Anza kukamua wiki mbili kabla. Osha mikono na chombo kwa sabuni, kamulia kwenye kikombe cha mdomo mpana chenye mfuniko. Nje ya friji, sehemu yenye kivuli, usizidishe masaa 4. Ndani ya friji yanakaa mpaka siku 4. Usiyachemshe, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto yapate vuguvugu. Wampe kwa kikombe kidogo, siyo chupa, chupa ni ngumu kusafisha na wengine wakiizoea wanakataa ziwa. Na usiku endelea kunyonyesha hata ukichoka, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku.

Mama Nuru (Gungu, Kigoma)
Mungu awabariki. Nimemsomea mama mkwe hayo ya masaa na kikombe, akauliza mwenyewe kama ndiye atakayekuwa anamnywesha nikienda dukani. Nimemwambia ndiyo. Ya maji tutayamalizia kliniki.

Mkunga Mstaafu (Kigoma)
Vizuri sana. Moja la mwisho: akipata homa, akikataa kabisa kunyonya, akilegea, akitapika mfululizo au choo kikiwa na damu, hicho si kilio cha jioni. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na wewe ziwa likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda pia, ila usiache kumnyonyesha upande huo.