Kipasha chupa cha umeme: dada anakiacha kimewaka siku nzima, ni sawa?

MamaJunaid
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi minne. Siku zangu 84 za uzazi zimeisha, nimerudi kazini. Nakamua usiku na alfajiri, naacha chupa kwenye friji, dada wa kazi anampa. Wifi yangu alituletea kipasha chupa cha umeme, kile unachotia maji kidogo chini halafu unatumbukiza chupa. Dada kakipenda balaa.

Juzi nikarudi saa saba mchana bila kutegemewa. Nakuta kinawaka, chupa imo ndani, maziwa nusu. "Hii umeipasha saa ngapi?" "Ile ya saa tatu, mama. Alinywa kidogo akalala, nikaiacha humo humo isipoe." Kufungua kifuniko, harufu ya sabuni na uchachu kwa mbali. Nikamwaga.

Sasa mume wangu ananuna eti nimemwaga maziwa mazima, chombo kina kitufe cha kutunza joto, kimewekwa cha nini? Mama mkwe naye anataka kiondoke kabisa turudi kwenye bakuli la maji ya moto. Nishaurini, nyumba imegawanyika.

NesiZamuYaUsiku
Ulimwaga vizuri. Kile chombo kinapasha, hakihifadhi. Maziwa ya mama yakishapashwa, masaa mawili basi. Aliyoonja mtoto mate yameshaingia, kwa hiyo nayo hayavuki masaa mawili baada ya kuacha kunyonya. Yako yalikaa manne, tena kwenye uvuguvugu ambao bakteria ndipo wanapozaliana.

Ila harufu ya sabuni peke yake isikutishe. Kuna kimeng'enya kinaitwa lipase kinavunja mafuta ya maziwa, wapo kina mama ambao maziwa yao yananuka hivyo siku zote na mtoto anakunywa. Uchachu ndio mbaya.

Na acha kujaza chupa hadi juu. Gawa mililita 60 hadi 90 kila chupa. Asiposhiba, dada anapasha nyingine. Maziwa ya kukamua yanauma kumwaga, tunajua wote.

BabaWawili
Mama Junaid, kabla ya yote kigeuze usome chini. Changu kililetwa kutoka Marekani, kimeandikwa 120V. Nikachomeka kwa adapta ya pini tatu, nikijua adapta inapunguza umeme. Kumbe inabadili umbo la pini tu! Dakika hazikufika tatu, paa! Moshi, harufu ya plastiki, nyumba nzima giza. Mke wangu hadi leo akiona adapta ananitazama mimi.

MamaJunaid
😂 Pole kaka. Nimesoma, 220-240V, watt 500. Wifi alinunua Dubai.

BabaWawili
Hapo uko salama. Na LUKU haitakusumbua, dakika sita za kupasha ni kama uniti 0.05.

ShangaziWaTanga
Mama mkwe msimpuuze. Umeme ukikatika mtafanyaje, mtoto asubiri TANESCO? Dada afundishwe njia zote mbili. Maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, mimina bakulini, simamisha chupa mpaka maziwa yawe vuguvugu, zungusha taratibu, dondoshea upande wa ndani wa kiwiko cha mkono. Yasisikike moto. Maikrowevu msiguse kabisa: chupa nje baridi, ndani kuna sehemu inaunguza ulimi.

Kapera_Mstaafu
Na sisi wa maziwa ya kopo? Naweza kukorogea poda humo humo kwenye kipasha?

NesiZamuYaUsiku
Hapana. Poda yenyewe inaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana inakorogwa na maji yaliyochemshwa ambayo bado yana nyuzi 70 au zaidi, kisha unapoza. Kipasha kinaleta maziwa kwenye uvuguvugu tu. Anayobakiza mtoto ya kopo, mwaga hapo hapo. Uji wa miezi sita na kuendelea, kipashe kiasi cha mlo mmoja na ukoroge, maana pembeni huwa moto katikati baridi.

ShangaziWaTanga
Mnaotumia maji ya kisima, angalieni ule ukoko mweupe chini. Siki na maji nusu kwa nusu, nusu saa bila kuwasha, suuza.

MamaJunaid
Ukoko upo, mnene! Nilidhani ni rangi yake.

Mrejesho: sikumgombeza dada, hakuna aliyekuwa amemwelekeza. Tumebandika plasta kwenye kila chupa, anaandika saa ya kupasha kwa peni. Kitufe cha kutunza joto nacho nimekizibia plasta. Mume kasoma majibu yenu, kanyamaza, ila jioni nimemkuta jikoni na siki. Leo mchana dada kanitumia ujumbe: "Ya saa nne kamaliza. Nimechomoa waya. Chupa ya tatu sijaitoa kwenye friji."

BabaWawili
Mwongezeni mshahara huyo dada.